Taja Alivaa Nini

Majengo, Songea
11 Agosti 1994

Ndiyo, jogoo nimempata. Mweusi mpaka kucha, kama ulivyoagiza. Nimeanza na jibu kwa sababu nakujua, Edmund, salamu huwa unaziruka unatafuta pale palipoandikwa jina lako.

Sasa turudi nyuma tufuate utaratibu wa watu waliobatizwa. Tumsifu Yesu Kristo. Mimi binamu yako Remmy ni mzima. Mkeo Walburga ni mzima, tumbo lake linafika mlangoni kabla yake, akitumwa chumvi dukani linaagiza lenyewe. Bibi Kunegunda naye yupo hapo Msamala, ugoro kila dakika, masikio yanazidi kufa. Padre akimwambia "amani iwe nawe" anajibu "nimeshakula".

Umeandika: nunua jogoo mweusi mmoja, mpe Bibi amfuge, asiliwe, asiuzwe, usiulize. Binamu, mimi nimeishia darasa la nne, lakini neno usiulize ndilo neno la kwanza kunitia hamu ya kuuliza. Nikampeleka. Bibi akampapasa kifua, akampapasa miguu, akasema, "Mmoja tu?"

Nikamwambia barua inasema mmoja.

Akasema, "Anayekwenda vitani akasema mmoja, huyo hajui kuhesabu."

Ndipo akanieleza kwa kelele, majirani wote wakasikia. Kwetu sisi, mwanamume aliyemwaga damu ya mtu haingii nyumbani wala hashiki mtoto ambaye hajaota meno, mpaka aoshwe. Akimshika, damu inamfuata mtoto, utosi unabonyea, mtoto anakwisha. Kila mtu aliyeuawa, jogoo mmoja mweusi. Nikamwambia Bibi, na wewe ni mwanachama wa Lejio ya Maria kanisani. Akasema Maria naye alikuwa na mtoto mchanga, anaelewa.

Kwa hiyo sikuulizi kitu. Nakuambia tu kwamba nimeshajua.

Biashara inapaa. Mitumba imeruhusiwa, basi kila mtu Songea anatembea na nguo ya Mzungu aliyekonda. Baridi ya mwezi huu imenipenda kuliko mke. Kuna koti moja la kijani, ndani manyoya, nimelitundika juu kabisa kama picha ya mtakatifu. Ningekuwekea wewe, ila biashara haina binamu. Nikienda chai au chooni ananiuzia Zabibu wa meza ya pili, yule mama wa Tunduru, hela anafunga kwenye ncha ya kanga. Hajawahi kunipunja hata senti, jambo linalonitia wasiwasi.

Kula vizuri, afande. Usipigwe.

Remmy

---

Liberia
2 Oktoba 1994

Kwako Remmy,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima. Barua yako imenifikia jana, ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena, kwa hiyo na ofisa aliyeisoma anakusalimu. Alicheka sana hapo pa padre.

Unataka kujua maisha. Tunaamka saa kumi na moja, tunasafisha bunduki, tunakunywa chai. Kisha zamu ya kulinda amani kwenye kizuizi cha barabarani. Pande zote mbili ni shamba la miti ya mpira, mistari mirefu, ukiangalia sana macho yanakuchezea. Mvua ya huku haina msimu wa kupumzika, soksi hazikauki, vidole vyangu vya miguu vimekuwa vyeupe kama vya maiti. Chakula ni samaki wa kopo. Akina mama wa kijijini wanatuletea wali na kisamvu. Ndiyo, kisamvu, kama cha kwetu, ila pilipili yake inaweza kupigana vita peke yake. Wananiita "Tanzania". Nimewafundisha kusema karibu, wanaisema hata ukiwa unaondoka.

Jumapili tunacheza mpira. Golini alikuwa anakaa Iddi, yule Myao niliyekuambia tunalala naye kitanda juu na chini. Sasa tunamweka mwingine.

Kuhusu yule uliyemnunua. Ongeza wawili. Si wapya. Nilikosea kuhesabu.

Walburga usimwambie lolote. Akijifungua, nina ombi moja na usilifanyie mzaha. Mshike mtoto kwa niaba yangu. Mshike kila siku, asikue hajui mikono ya mwanamume wa kwao. Mimi nikifika nitamkuta ameshazoea. Ukiniandikia kwamba umemshika nitalala.

Nduguyo,
Edmund

---

Majengo, Songea
27 Novemba 1994

Binamu,

Tumsifu Yesu Kristo, na hongera. Tarehe tisa mwezi wa kumi Walburga amejifungua mtoto wa kike. Anaitwa Careen. Kilo tatu na robo, nywele zako, hasira zako, ila sura amechukua kwa watu wazuri. Walburga hajambo. Anauliza mbona kwenye barua yako kwake umeandika habari za soksi ukurasa mzima.

Nimenunua wale wawili. Nimempelekea Bibi na mmoja zaidi, kwa hiyo jumla wapo wanne. Wako ni watatu. Wa nne usiulize. Bibi alimpapasa yule wa nne, akaniangalia mikono, akavuta ugoro. Bibi kunyamaza, binamu, ni kama redio kuzimika katikati ya taarifa ya habari.

Umeniomba nimshike mtoto. Nitamshika. Wiki ya kwanza nilikuwa na mafua. Ya pili kidole kilivimba. Sasa mikono inanuka kuku, maana nimeacha mitumba nauza kuku. Soko la nguo limeharibika. Kuku ni bora, hawana mifuko, hawana vifungo, mtu haondoki amemvaa kuku mgongoni. Namwona Careen kila siku. Nasimama mlangoni nampigia mluzi. Ananijua kwa mluzi.

Bibi ameniagiza nikueleze utaratibu ujiandae. Utasimama nje ya ua, hujavua viatu. Atashika kisu na jogoo wa kwanza. Hachinji mpaka umtaje aliyekufa, kwa sauti. Ukimjua jina, taja jina. Asiye na jina, taja alivaa nini siku hiyo. Nilimwambia mwanajeshi anaona watu wengi, atakumbukaje nguo. Akasema, "Hilo ndilo atakalokumbuka." Ukidanganya nguo, anasema, jogoo hafi vizuri, anakimbia uani bila kichwa mpaka kwenye mlango wa mtoto.

Nina swali la kijeshi, kwa ajili ya kujiongezea elimu tu. Mtu akipigwa kichwani na chuma, akaanguka, macho yakabaki wazi na midomo inatembea, anakuwa anasema kitu au ni mwili tu? Na ile damu ya puani yenye mapovu, inachukua muda gani? Kuna mtu aliniuliza nikakosa jibu.

Zabibu naye kaondoka sokoni. Meza zetu kakodi jamaa wa vyombo vya plastiki.

Remmy

---

Liberia
15 Januari 1995

Remmy,

Barua hii anakuletea Hamisi, mwenzangu wa kikosi, mwenyewe mkononi. Anarudi nyumbani, mguu mmoja ameuacha huku. Mpe kiti, mpe kuku, usimtanie leo. Hakuna ofisa aliyeisoma kwa hiyo nitaandika.

Umeandika mambo ambayo mtu hawezi kuuliza kama hajasimama karibu. Mapovu puani. Sijawahi kukuandikia mapovu. Nitakujibu, lakini kwanza nitoe yangu, ndipo nitakuwa na haki ya kuuliza yako.

Ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi, mvua inanyesha. Iddi alikuwa anaosha sahani yake ya bati kwenye maji ya paa. Alikuwa ananitania kama kawaida ya Myao na Mngoni. Akasema, "Wewe sahani yako haihitaji maji, Mngoni akishakula hata sahani inabaki na hofu ya..." Hakumaliza. Risasi iliingia shingoni. Akakaa chini polepole kama mtu aliyechoka, sahani mapajani, damu ikajaa kwenye sahani ikachanganyika na maji ya mvua. Mpaka leo nataka kujua sahani ilibaki na hofu ya nini.

Walitoka kwenye ile miti ya mpira, waasi kama kumi na watano. Wa kwanza nilimpiga akiwa mbali kidogo, alivaa fulana nyekundu ya mpira, namba saba. Wa pili aliruka magunia ya mchanga akaniangukia, nikampiga tumboni, akanikumbatia miguu, nikampiga tena, akaendelea kunikumbatia. Ilibidi nimbandue vidole kimoja kimoja. Alivaa kaptura ya kaki na kofia ya kufuma, kama anazofuma Bibi. Hao wawili nilisema ni kazi. Ndiyo maana nilikuandikia jogoo mmoja.

Huyo mmoja ni wa tatu. Mapigano yalikuwa yamekwisha. Alitoka kichakani mikono juu. Bunduki alikuwa ameitupa na niliiona ilipolala. Ni mtu mzima, umri wetu. Aliniita baba kwa lugha yao. Alivaa koti la mitumba, la kahawia, vifungo vya mbao, ungesema limetoka kwenye meza yako. Nikamwacha aje. Nikamwacha afike karibu kabisa, Remmy, mpaka nikasikia pumzi yake inanuka kisamvu, maana na yeye alikula kwa mama wale wale. Nikampiga usoni. Halafu nikaendelea kumpiga wakati hana tena uso.

Iliandikwa kwamba watatu wameuawa katika mapigano. Nilipewa pongezi mbele ya kikosi. Mimi sahani ya Iddi ndiyo ninayoililia.

Jibu la swali lako: mapovu ni dakika chache. Na midomo ile inasema kitu.

Tunarudi mwezi wa nne. Tutakaa kambini Dar es Salaam wiki mbili, niandikie huko, anwani anayo Hamisi. Sasa niambie. Mtoto hujamshika hata siku moja. Jogoo wa nne ni wa nani?

Edmund

---

Majengo, Songea
5 Machi 1995

Edmund,

Leo salamu fupi, wote wazima, hata mimi kwa nje. Hamisi nimempa kiti, nimempa kuku, sikumtania. Akanitania yeye, kasema mimi nimechechemea kuliko yeye tangu aingie.

Wa nne ni wangu.

Tarehe tatu Septemba, Jumamosi, soko limejaa. Nilikwenda chooni. Kurudi, naangalia juu, kamba tupu, koti la kijani halipo. Nikatupa macho barabarani nikaliona linaishia kwenye kona ya duka la vipuri, mgongoni kwa mtu. Hakukimbia. Ningekuwa na akili ningejiuliza mwizi gani anatembea vile, anajifunga vifungo. Nikaita neno moja tu, mwizi. Wewe ulikuwa na bunduki, mimi nilikuwa na hilo neno. Majengo siku hizi ukilitoa ni kama umemwaga mahindi kwa kuku.

Walitoka watu ambao sijawahi kuwaona sokoni. Walikuja na tofali. Mmoja alikuwa na ubao wenye misumari, ukinasa anautikisa kwanza ili utoke. Muuza nyanya, mtu mpole, alimpiga na jiwe lake la mizani. Nilifika wakati yuko magotini. Alikuwa anasema, "Nimelipa, nimelipa." Nilisikia, Edmund. Nilisikia vizuri kabisa. Na nikacheka, nikawaambia watu, "Sikieni huyu, kumbe ni mteja." Wakacheka. Nilikuwa na kile chuma cha kutundikia nguo. Pigo la kwanza nilimpiga begani. La pili nilikuwa nimeshaona meno yake kwenye vumbi, nilikuwa na nafasi ya kuacha, nikampiga kichwani.

Akalala. Midomo inatembea. Nikamvua koti. Ilibidi nimgeuze kama unavyomvua mtoto aliyelala. Lilikuwa limeloa shingoni. Nikalikung'uta, nawaza maji baridi na sabuni kidogo litauzika.

Ndipo Zabibu akafika anahema, ameshika fundo la kanga. "Remmy, hela ya koti lako hii hapa, kuna mtu wa kwetu kalichukua ulipoenda chooni. Maskini anauguza mama yake, analala nje ya wodi, baridi imemshinda." Halafu akaona nilichoshika. Halafu akaangalia chini.

Watu wote walikuwa wameshapotea. Tulibaki sisi wawili na yeye. Mapovu yalikuwa yanatoka bado. Kumbe ni dakika chache kweli. Mimi niliona ni asubuhi nzima.

Anaitwa Kassimu, wa Nalasi, mkulima wa korosho. Siku ya tatu alikuja mke wake, Zuhra. Alipita meza kwa meza kuuliza nani alimwona mume wake, maana kwao wameambiwa kafa mwizi, na shehe kamzika lakini watu wanaangalia pembeni. Alifika kwangu. Mimi, mdomo unaojulikana Songea nzima, nikamwambia, "Dada, mimi nilikuwa chooni." Akasema, "Ahsante kaka, Mungu akulipe." Namngoja anilipe.

Polisi waliuliza, kila mtu alikuwa chooni. Choo cha Majengo siku hiyo kilibeba watu mia mbili.

Sasa sikia la mtoto. Mwezi uliopita Walburga anatoka bombani, ndoo kichwani, Careen analia, akanibandika mikononi kabla sijapata mafua. Sikuweza kumwangusha. Ni mwepesi, Edmund, ana joto kama mkate. Alinyamaza hapo hapo. Nilimshika labda kwa kuhesabu hamsini. Kesho yake homa, anaharisha, hanyonyi, utosi umebonyea unaingia kidole. Hospitali wakasema maji machafu, wakampa maji ya chumvi na sukari, siku nne akarudi. Daktari ana cheti, mimi sina. Bibi hakunigombeza. Aliniangalia mikono tu, kama siku ile ya majogoo, akasema, "Nikusubiri mpaka lini?"

Nilimwambia namsubiri binamu.

Ndiyo maana nakuandikia. Nina dili. Umenijua ni mtu wa dili, na hili halina faida ndani yake, kwa hiyo amini ni la kweli.

Nimekusoma hapo pa mtu wa tatu. Umeniandikia mimi, kwenye karatasi, ukiwa mbali. Mbele ya Bibi hutaweza, utasema wawili, utajifanya umesahau, na Walburga atakuwa amesimama mlangoni na mtoto anakusubiri. Basi mimi nitatangulia. Nitasimama nje ya ua nipige kelele ya kutosha kufika kwenye masikio yale: Kassimu wa Nalasi, alivaa koti la kijani, alikuwa amelilipia, na mimi nilicheka. Msamala yote isikie. Hata polisi wakipita wasikie. Baada yangu, yako yataonekana madogo, utayatoa. Hiyo ni sehemu yangu.

Sehemu yako ni hii. Tukishaoshwa, kabla hatujamshika mtoto, wewe na mimi tunapanda lori la Tunduru mpaka Nalasi. Koti ninalo, nimelifua, liko kwenye gunia. Ni lake, lilishalipiwa. Fundo la Zabibu lenye hela ninalo pia, kaikata ncha ya kanga akaituma kwa mtu bila kulifungua. Nitamwambia Zuhra mume wake alilipa, na nitamwambia mbele ya shehe na wale wanaoangalia pembeni. Sijui watu wake watanifanya nini. Wana mapanga ya kufyekea mikorosho na wana haki. Sikuombi unitetee. Usije na magwanda, usije na cheo. Nakuomba usimame nyuma yangu tu, karibu, ili nikianza kutania unikanyage mguu, na nikitaka kukimbia nikugonge.

Nikirudi, nikirudi, tunamshika Careen pamoja. Wewe kichwa, mimi miguu.

Majogoo wanne wapo, wanene, kila mtu sokoni ananiuliza bei na ninakataa, watu wanadhani naumwa.

Usijibu kwa barua, posta itatuchelewesha. Nitakuwa stendi kila basi la Dar likiingia. Ukishuka usinisalimie, usinikumbatie, usiulize habari za nyumbani. Niambie maneno mawili tu, "fulana nyekundu", nitajua umekubali, nami nitakubebea begi.

Remmy